Godoro Lililosikika Ng'ambo

Jumatatu, 3 Machi

Siku njema sana. Wiki hii nitaupata mlingoti wa Mwenyekiti. Nimeshaamua, kwa hiyo ni kama nimeshaupata.

Mwenyekiti wa klabu yetu ya redio ni mkunga mstaafu. Anahamia nyumba ndogo isiyo na ua, na mlingoti wake wa chuma, ule ambao mimi huzunguka njia ndefu ili nipite mbele ya geti lake kuutazama tu, hauwezi kwenda naye. Jana kwenye mkutano alisema atampa mwanachama wa kwanza atakayewasiliana na Kisiwa kabla Jumapili haijaisha. Kisiwa ni jiwe katikati ya bahari, hakina wakazi, ila sasa hivi kuna kundi la wanaredio wamepiga kambi huko, na mmoja wao ni binti yake. Anataka mlingoti wake uende kwa mtu ambaye mwanawe amemsikia. Wenzangu walilainika, mmoja akapenga kamasi. Mimi nilikuwa napima ua wangu kichwani.

Wanachama tuko saba. Ukimtoa Mwenyekiti, na wanne wanaokuja kwa ajili ya chai, tunabaki mimi na shemeji. Shemeji ni kaka yake mke wangu, fundi wa miwani. Mpole, mtaratibu, anafuta lenzi hata akiwa anaongea na wewe. Watu wa namna hiyo ni wa kuogopwa. Anadai hautaki mlingoti, eti amepanga ghorofa ya tatu na mwenye nyumba hamruhusu hata kupigilia msumari. Ujanja mtupu.

Kwenda Kisiwani sauti ya mdomo haifiki, mbali mno. Ni kompyuta inayorusha milio, na kompyuta ya upande wa pili inaifumbua iwe maandishi. Dakika imegawanywa mafungu manne. Fungu moja unarusha, linalofuata unanyamaza na kusikiliza. Dunia nzima inafuata saa moja. Hapo ndipo nitakapowapiga bao. Kama wote wanaanza kwa pamoja, si atakayewahi kidogo ndiye atakayesikika kwanza? Nashangaa hakuna aliyeliona hili.

Saa zangu zote ziko mbele, na ndiyo maana duka langu la magodoro hufunguliwa kabla ya lile la ng'ambo ya barabara. Kompyuta ya dukani iko mbele sekunde moja na nusu, miaka nenda miaka rudi. Hii ya nyumbani jioni hii nimeisogeza sekunde nne nzima. Mwenyekiti hunisihi niiache kompyuta ijichukulie saa mtandaoni. Mimi na saa ya kuazima wapi na wapi.


Jumanne, 4 Machi

Nimeita Kisiwa kuanzia machweo hadi chakula kikapoa. Skrini nyeupe. Si kwamba Kisiwa hakikujibu. Hakuna mtu yeyote, popote, aliyeonekana. Jana kabla sijasogeza saa skrini ilikuwa imejaa majina ya watu. Leo dunia nzima imehama.

Nimefikiri sana. Jibu ni moja tu: shemeji ananifunika. Amejua mpango wangu, naye anarusha kelele.

Mke wangu ameingia akiwa na beseni la nguo mbichi. Ameuliza kamba yake ya kuanikia iko wapi. Nimemweleza kwamba ile haikuwa kamba, ilikuwa waya wa shaba mzuri sana uliokuwa unapotezewa muda na soksi, na kwamba sasa ni antena. Amezianika nguo kwenye milango. Naandika haya huku mkono wa shati ukinidondokea shingoni.

Baadaye amelainika kidogo, akaketi kitandani, akataka kujua huwa tunaambiana nini huko hewani. Nimefurahi. Nikamweleza kuwa kwanza unatuma jina lako la hewani na mahali ulipo. Mwenzio anakujibu kwa namba inayokuambia amekusikia kwa nguvu gani. Na wewe unampa namba yako. Mnathibitishiana kwamba mmepokea, mnaagana, basi. Akauliza kama hatuulizani hata habari za nyumbani. Nikasema ujumbe wa kujitungia hauzidi herufi kumi na tatu, nafasi zikihesabiwa. Akauliza nani anayechagua namba. Programu. Nani anayejibu? Programu. Nani anayeaga? Nikajitia kukaza waya. Akauliza, kwa upole kabisa, kama mimi ninahitajika chumbani humo au naweza kwenda kununua kamba.


Jumatano, 5 Machi

Nguvu. Kilichokosekana ni nguvu. Nimezungusha kila kitufe kinachozunguka hadi mwisho. Sauti ya kompyuta juu, wati za redio juu. Taa ya mezani ilikuwa inafifia kila nikirusha, nikaona raha sana.

Bado skrini nyeupe.

Mwenyekiti alipiga simu. Yeye huongea na wanaredio kama bado yuko wodini. Alisema nisisukume kwa pupa, nipumue. Kwenye skrini yake kila ishara ni mstari mwembamba unaoshuka, na ya kwangu ilikuwa imetanuka kama shuka, imefunika watu kumi, na hata hivyo programu yake haikuweza kufumbua neno. Nikamwambia huyo atakuwa shemeji. Akanitakia jioni njema.

Jioni hiyohiyo shemeji mwenyewe akaja. Na kamba mpya ya nguo mkononi, zawadi kwa dada yake. Unafiki huo. Alifuta miwani, akasema mlio wangu unaanza kabla ya milio ya wengine wote, kama mtu anayeitikia hajaitwa bado, na programu hailegezi sana: ukipishana nayo zaidi ya sekunde mbili na kidogo inakuhesabu wewe ni kelele tu. Na ninachopokea mimi ni hivyo hivyo, masikio ya programu yangu yanafunguka na kufungwa wakati usio wao. Akaomba kuitazama saa yangu dakika moja tu.

Nilisimama mbele ya kompyuta na kukunja mikono. Nimwachie mpinzani silaha yangu ya siri? Nikamwambia saa yangu ni mambo ya ndani ya familia. Akasema na yeye ni familia. Mke wangu akacheka jikoni. Sikuona cha kuchekesha.


Alhamisi, 6 Machi

Leo nimekwenda kwa shemeji kupeleleza. Kisingizio: miwani yangu imelegea. Ili iwe kweli niliilegeza njiani, nikapoteza skrubu, nikafika nikiwa nimeishika usoni kwa mkono.

Nilitarajia mitambo. Nimekuta waya mwembamba umefungwa juu ya bomba la pazia, na redio ndogo kama kisanduku cha viatu. Anarusha wati tano. Taa ya friji yangu ina wati nyingi kuliko hizo. Na skrini yake imejaa! Mistari juu ya mistari, watu kutoka kila upande wa dunia, wanakuja kupitia pazia la sebuleni.

Na pale katikati, kikiwa kimetulia, Kisiwa. Kwa nguvu ya hasi ishirini na moja. Maana yake kiko chini ya kelele. Ukitega sikio mwenyewe husikii kitu, ni mvumo tu kama wa kikaango. Nilimuuliza programu inakisikiaje basi. Akanieleza huku akitafuta skrubu inayonifaa. Kwamba ujumbe ni mfupi sana, unatumwa kwa milio minane tu inayopokezana, na pamoja nao programu hutuma tarakimu za akiba, nyingi kuliko ujumbe wenyewe. Nusu ikipotea njiani, ile akiba inatosha kuijenga upya. Kama vile yeye akimwita dada yake toka chumba cha pili na mashine ya kufulia inanguruma: hasikii neno lote, lakini anajua ni jina lake maana analijua tangu zamani, na anajua ndio wakati wa kuitwa.

Nikamuuliza mbona hajakiita. Akasema wapo hadi wiki ijayo, hana haraka. Hana haraka! Mtu ana Kisiwa mkononi, na anaendelea kunibania skrubu.

Niseme ukweli hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Roho iliniuma. Miaka minne nina leseni. Mtu wa mbali zaidi aliyewahi kunijibu yuko mahali ninapoweza kwenda kwa basi na kurudi siku hiyohiyo. Hata safari hiyo nilikuwa wa tatu katika klabu. Shuleni nilikuwa wa pili kwenye mbio, na tulikuwa wawili. Nataka mara moja tu katika maisha yangu mtu aliye mbali aandike kwamba amenisikia mimi, kabla ya mwingine.

Nikiwa narudi, miwani imekaza vizuri, wazo likaniingia. Zuri mno hadi nikasimama katikati ya barabara na kupigiwa honi.

Sitashindana na shemeji kukipata Kisiwa. Mimi ndiye nitakuwa Kisiwa.


Ijumaa, 7 Machi

Mpango wenyewe. Nitarusha kutoka dukani, mitaa miwili tu kutoka kwa shemeji, nikitumia jina la hewani la Kisiwa. Mlio wake nimeukariri, ulipo kwenye skrini na zamu unayorushia. Shemeji ataona Kisiwa, atakiita, nitamjibu, ataagana nami kwa furaha. Atakimbia kwa Mwenyekiti. Mwenyekiti atamuuliza binti yake. Binti atasema hamjui. Shemeji ataonekana mwongo mbele ya klabu nzima, na mlingoti utabaki bila mwenyewe. Hapo nitajitokeza kwa unyenyekevu.

Tatizo: kurusha kwa jina la mtu mwingine ni kosa kubwa. Leseni inakwenda. Kwa hiyo asisikie mtu mwingine yeyote zaidi ya shemeji. Inatakiwa antena mbaya kuliko zote duniani.

Nimezungukwa nazo. Dukani nina godoro la springi la sita kwa sita, springi zote zimeshikana chuma kwa chuma. Nimelisimamisha ukutani, nikachana kona ya kitambaa, nikabana waya. Redio ni ile ndogo ya zamani niliyoinunua ikiwa imekufa. Wati moja, na hiyo wati yenyewe haina uhakika. Nani atalisikia godoro?

Saa nne wakaingia mtu na mchumba wake, wanaoana wiki ijayo. Kati ya magodoro yote wakalipenda hilo. Nikasema limeuzwa. Wakasema lina bei bado. Nikasema lina tatizo la mgongo. Mchumba akalikandamiza, akasema lipo imara. Nikasema ndilo tatizo lenyewe. Wakavuka barabara hadi duka la ng'ambo, lililokuwa limefunguliwa muda mrefu tu kwa saa zao. Mke wangu, anayetunza hesabu za duka, aliona kila kitu. Aliuliza waya unaotoka kwenye godoro ni wa nini. Nikamwambia ni teknolojia mpya ya usingizi.

Ameniomba Jumamosi nishinde dukani jioni yote, nisirudi mapema. Alikuwa anatabasamu. Ajabu, ndicho nilichotaka kumwomba mimi. Nilijitia kusitasita, kisha nikakubali.


Jumamosi, 8 Machi

Kidole kimefungwa kitambaa, mwandiko uvumiliwe.

Saa kumi na moja jioni nilifunga mlango wa duka. Nikakaa nyuma ya godoro. Kompyuta ya dukani, ile ya risiti, nikaiwekea programu, na jina la Kisiwa badala ya langu. Kisha nikabonyeza kisanduku kinachoiruhusu programu imjibu yenyewe yeyote atakayeita, mmoja baada ya mwingine, ili mikono yangu ikae safi. Nikarusha. Godoro likanguruma kidogo.

Zamu ya kusikiliza ikafika. Nilitega jicho nimwone shemeji.

Akatokea mtu nisiyemjua, wa bara lingine. Ananiita. Nikacheka, nikadhani ni kosa la programu. Zamu iliyofuata wakawa tisa. Kisha skrini yote ikawa nyekundu. Walinisikia kwa hasi kumi na tisa, kwa hasi ishirini na mbili, nchi ambazo nilizisoma kwenye atlasi ya shule na kuzisahau. Godoro limevuka bahari! Miaka minne na waya mzuri wa shaba hakuna wa mbali aliyenijibu, na leo, kupitia kitu cha kulalia, kwa wati ambayo haina uhakika, watu wanapigana vikumbo kunifikia.

Nikiri kwamba kwa dakika kadhaa sikuogopa. Nilifurahi sana. Nilisimama, nikalipigapiga godoro.

Programu ilikuwa inawajibu yenyewe. Inampa huyu namba, inamuaga, inamchukua mwingine. Nikatafuta kile kisanduku nikizime, nikabonyeza kingine, ikaongeza kasi. Jasho likanitoka. Shemeji hayumo. Mtu mmoja niliyemwandalia haya yote hayumo kabisa.

Na hapo, katikati ya wageni, nikaona jina langu.

Jina langu la hewani. Langu mimi, lililoandikwa kwenye leseni iliyotundikwa chumbani kwangu. Linaita Kisiwa. Na si kuita tu, limeshatuma namba, linasubiri kuthibitishiwa. Nilipigwa na butwaa. Yaani kuna mtu ana ujasiri wa kukaa mahali fulani na kurusha kwa jina la mtu mwingine. Dunia imeharibika. Uaminifu umekwisha kabisa kwenye hewa hii. Nilikasirika hadi nikagonga meza, na programu, kwa jeuri yake, ikamjibu mwizi huyo kwa mlio wa godoro, mara tatu mfululizo.

Zamu iliyofuata ikaja sentensi bila jina la mtumaji. Herufi zote kumi na tatu zimetumika:

WEWE NI NANI?

Swali zuri sana. Hata mimi nilitaka kumjua mwizi huyo. Nilisubiri ajibu. Hakujibu. Badala yake skrini ikaanza kunyamaza, mmoja mmoja wakaondoka, na polepole ikaniingia kwamba labda aliyeulizwa hakuwa yeye.

Nikachomoa waya. Springi moja ikanichoma kidole.

Nyumbani nimemkuta shemeji anashuka kwenye ngazi ya ua. Amemfungia dada yake ile kamba mpya. Mke wangu alikuwa na macho mekundu. Nikauliza kuna nini. Akasema nitajua kesho kwa Mwenyekiti.


Jumapili, 9 Machi

Kwa Mwenyekiti maboksi yamejaa hadi mlangoni. Tuliketi juu ya maboksi. Chai haikutolewa, hivyo wale wanne walijua mara moja kuwa jambo ni zito.

Mwenyekiti alisema jana jioni kwenye skrini yake kulikuwa na Visiwa viwili. Kimoja hafifu, kinatoka mbali. Kingine kimeingia kwa kishindo kana kwamba kiko jikoni mwake. Nikasema ajabu ya hali ya hewa. Akasema programu, kila inapofumbua ujumbe, huandika pembeni mtumaji amepishana na saa kwa kiasi gani. Kisiwa hafifu: hakuna tofauti. Kisiwa cha jikoni: mbele sekunde moja na nusu. Alisema katika miaka yake yote wodini aliwatambua watoto kwa vilio vyao, na katika klabu hii kuna mtu mmoja tu anayelia kabla hajazaliwa.

Watu wote wakaniangalia mimi. Mmoja wa wale wanne akaanza kucheka, akajifanya anakohoa.

Nikakiri godoro. Nikaeleza wati zilikuwa chache sana, kwamba nia ilikuwa asisikie mtu. Mwenyekiti akasema programu hii ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayenong'ona. Nikaona nigeuze kibao. Nikasema mbona hatumzungumzii mhalifu mkubwa zaidi, yule aliyeiba jina langu.

Shemeji akavua miwani, akaifuta.

Ndipo mke wangu akasema. Alikuwa amemwomba kaka yake aje Jumamosi nikiwa dukani. Si kwa ajili ya kamba peke yake. Aliniona tangu Jumanne nimekaa mbele ya skrini nyeupe, na shati mbichi shingoni, naita na siitikiwi, akanihurumia. Shemeji, ambaye leseni yake inamruhusu kukaa kwenye redio ya mwanachama mwenzake, aliirudisha saa yangu, akashusha nguvu, akaita kwa jina langu. Waliita mara mbili tu. Binti yake Mwenyekiti akalijibu jina langu. Hasi kumi na nane. Mke wangu ndiye aliyekuwa anabonyeza. Namba zikaenda, namba zikarudi. Likabaki neno moja la kuthibitisha ili mlingoti uwe wangu, na walikuwa wameshachomoa karatasi ya kuniandikia pongezi waibandike mlangoni.

Neno hilo binti alilituma. Ila juu yake kabisa, kwenye mlio uleule na zamu ileile, likaanguka godoro.

Walijaribu tena, godoro likaanguka tena. Mara ya tatu vilevile. Binti naye akaacha zamu yake moja ipite ili asikilize, na alipolisikia jina lake mwenyewe likirushwa upande wetu, aliuliza lile swali, kisha kambi ikafunga redio kwa usiku ule. Alikuwa ananiuliza mimi.

Nilijisikia vibaya. Nikaangalia boksi nililokalia. Lilikuwa limeandikwa vyombo, na lilikuwa linabonyea.

Hukumu: miezi mitatu nisirushe chochote, kusikiliza tu. Nikirudia, leseni anaipeleka kwa walioitoa yeye mwenyewe kwa mkono wake. Mlingoti hawezi kunipa. Shemeji alipoulizwa alirudia kuhusu mwenye nyumba na msumari. Kumbe ilikuwa kweli.

Mwenyekiti akamtazama mke wangu muda mrefu. Akasema mwanawe amemwambia aliyekuwa kwenye redio ile alifanya kazi safi, hakuharakisha. Mlingoti anampa yeye, kwa sharti asome apate leseni yake. Mke wangu akauliza kama unaweza kufungwa kamba ya nguo. Akajibiwa unaweza kufungwa kamba sita.


Jumatatu, 10 Machi

Mlingoti umesimama uani kwangu. Shemeji na wale wanne wameusimika asubuhi. Ni mrefu kuliko nilivyoupima kichwani. Siruhusiwi kuugusa. Nimeugusa walipokwenda kunawa. Upande mmoja una antena, upande mwingine una mashuka yetu.

Yule mtu na mchumba wake walirudi dukani, magodoro ya ng'ambo yalikuwa laini mno. Nimewauzia lile la sita kwa sita, kona imeshonwa. Nikawaambia limewahi kusikika hadi ng'ambo. Mchumba aliona haya, bwana akafurahi.

Nimetafakari sana kuhusu Jumamosi na nimeliona kosa langu. Godoro lilikuwa kubwa mno. Ningetumia la mtu mmoja.

Kesho ni siku ya mwisho ya kambi kule Kisiwani. Mwenyekiti atakuja jioni na virago vyake vya mwisho, akae na mke wangu mbele ya redio, naye mke wangu ajaribu kumpata binti, safari hii kwa jina la klabu, hadi neno la mwisho. Mama atataka kuona kwa macho yake mwanawe akiandika amesikia. Mke wangu tangu mchana anafanya mazoezi ya kubonyeza kwenye meza ya jikoni. Ana wasiwasi. Ameniuliza kama nimemkasirikia kwa sababu ya mlingoti. Nikasema hata. Na ni kweli. Nikasema naomba radhi pia, kwa kila kitu, na nikaenda mwenyewe kuanua nguo.

Amelala mapema ili kesho awe na nguvu. Nimekaa nikiitazama redio bila kuigusa. Dunia nzima itakuwa inakiita Kisiwa kesho, maelfu ya watu, wote kwa sekunde ileile, na mke wangu mgeni kabisa atakuwa katikati yao kwenye foleni. Nimemwonea huruma. Kurusha nimekatazwa, lakini kumsaidia mke wangu hakuna aliyenikataza.

Nimeisogeza saa yake mbele sekunde nne. Sitamwambia, hadi washinde.